Vita vya Tanga juu ya meza ya chakula: mwongozo kamili wa kuanza michezo ya vita kwa askari wadogo

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, askari wa Kiingereza na Kihindi walianza kushuka ufukweni Raskazone, Tanga. Tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki kwa mamia na risasi zipatazo 600,000. Walikuja watu kama 8,000. Waliowazuia walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mimi ni mtu wa Tanga, nimepita njia ile ya Raskazone hadi stesheni kwa miguu mara nyingi, na kwa miaka yote hiyo nilikijua kisa kimoja tu: nyuki. Vita vyenyewe nilivielewa siku nilipovipanga juu ya meza ya chakula, nikaona kwa macho yangu kwa nini mfereji wa reli, pale njia ya treni ilipochimbwa chini ya usawa wa ardhi, ulikuwa na thamani kuliko mji wote.

Nitakueleza namna ya kufika hapo nawe, kuanzia mikono mitupu. Nitatumia vita hivyo vya Tanga kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu uwanja wake ni mdogo, habari zake zinajulikana, na vifaa vyake karibu vyote vinapatikana sokoni na ufukweni.

Mchezo wenyewe

Unapanga askari wadogo juu ya meza iliyotengenezwa ifanane na nchi: miti, nyumba, njia. Wewe na mwenzako mnapokezana zamu. Umbali wa kutembea na kupiga hupimwa kwa futikamba, na matokeo ya risasi huamuliwa kwa dadu. Hakuna miraba kama ya drafti wala mashimo kama ya bao. Askari anasimama popote anapoweza kusimama. Maofisa wa Prusia walifundishwa vita kwa mchezo wa namna hii tangu 1824. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za kuchezea sebuleni, na leo watu wengi duniani wanaujua mchezo kupitia Warhammer, iliyotoka Uingereza mwaka 1983. Hiyo ya Warhammer ni ya mazimwi na mashujaa wa kubuni. Ni nzuri, lakini ni ghali, na ukianza nayo utatumia miezi unanunua kabla hujarusha dadu hata moja.

Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapopotea. Wananunua, wanarundika maboksi kabatini, wanapaka rangi askari watatu, wanachoka. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kinyume: utacheza kwanza, wiki hii hii, kwa askari wa karatasi. Kisha kila mwezi utaondoa kundi moja la karatasi na kuweka kundi moja la plastiki lililopakwa rangi. Jeshi lako litakua huku mchezo ukiendelea, na mkono wako utajifunza rangi bila haraka.

Wiki ya kwanza: askari wa karatasi

Kipimo tutakachotumia ni 1/72. Mtu mwenye urefu wa sentimita 175 anakuwa na milimita 24 hivi, karibu sawa na kiungo cha mwisho cha kidole gumba. Ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu vinavyopendwa, na 66 wanatosha kwenye meza ya kawaida.

Chukua karatasi ya A4 na penseli. Chora kipande chenye upana wa milimita 20 na urefu wa milimita 60. Milimita 5 za kila mwisho ni za kukunja na kubandika chini. Katikati zimebaki milimita 50: nusu ni askari kwa mbele, nusu ni askari yule yule kwa nyuma, vichwa vikikutana katikati ili ukikunja asimame. Ukurasa mmoja unabeba askari 40, kumi kwa safu nne.

Usichore arobaini. Chora mmoja vizuri, mpeleke steshenari wamtoe kopi, kata, bandika kopi kumi katika safu, kisha toa kopi ya ukurasa mzima kwenye karatasi ngumu ya gramu 160 au 200. Unahitaji michoro minne tu: askari wa Kijerumani mwenye kofia iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, Mhindi mwenye kilemba, Mwingereza mwenye kofia ngumu ya jua, na mpagazi mwenye mzigo. Wapake rangi kwa penseli za rangi za watoto, kata kwa wembe na rula, kunja, na ubandike kila mmoja kwenye kipande cha boksi cha milimita 20 kwa 20. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Mstari mwembamba wa rangi pembeni mwa karatasi, yaani kupitisha penseli nyeusi kwenye kingo nyeupe zilizokatwa, unabadilisha sura nzima, usiuruke.

Tengeneza makundi manane ya watu wanane: matatu ya askari wa Wajerumani na matano ya wavamizi. Katika hayo matano, moja liwe la Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire, moja la Kashmir Rifles, na matatu ya Wahindi wengine. Ongeza watu wawili wa bombomu, kama wazee walivyoiita bunduki ya rashasha. Jumla ni 66. Kazi ya jioni mbili.

Kanuni za ukurasa mmoja

Kuna kanuni nyingi nzuri za bure mtandaoni, lakini nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito na mtu mgeni hukata tamaa kwenye ukurasa wa pili. Hizi hapa nimezitunga na kuzirekebisha mara nyingi kwa ajili ya vita vya Tanga. Zinakili kwenye daftari.

Kila zamu, pande zote mbili hurusha dadu moja. Mwenye namba kubwa anaanza. Kila kundi hufanya jambo moja: kutembea sentimita 15, au kutembea sentimita 8 na kupiga, au kusimama na kupiga. Ndani ya shamba mwendo ni nusu.

Kupiga ni umbali usiozidi sentimita 45. Kila askari aliye hai anarusha dadu moja. Kama kundi limesimama, 4, 5 na 6 zinapata. Kama limetembea, ni 5 na 6 tu. Anayepigwa naye anajikinga: kwa kila risasi iliyompata anarusha dadu. Aliye ndani ya mfereji wa reli anaokoka kwa 4 na kuendelea, aliye kati ya miti anaokoka kwa 5 na kuendelea, aliye peupe hana kinga. Fanya hesabu uone: watu wanane waliosimama hupata risasi nne kwa wastani. Walio peupe wanapoteza wanne. Walio kwenye mfereji wanapoteza wawili. Ukishaipiga hesabu hiyo hutauliza tena kwa nini maofisa wanazozana juu ya kilima au shimo.

Bombomu inarusha dadu nane, lakini haiwezi kutembea na kupiga katika zamu moja. Dadu tatu au zaidi zikitoa namba moja, imekwama hadi zamu ijayo iishe.

Makundi mengi ya askari wa Wajerumani yalikuwa na bunduki ya modeli ya 1871, yenye baruti nyeusi, na kila risasi ilitoa wingu la moshi lililoonyesha mpigaji yuko wapi. Kwa hiyo askari wakishapiga, weka kipande cha sufi mbele yao. Hadi zamu yao ijayo kinga yao inapungua kwa nukta moja: mfereji unaokoa kwa 5, miti kwa 6. Kanuni hii peke yake inamfundisha mchezaji wa upande wa Wajerumani subira, maana kila anapopiga anajifichua.

Sasa moyo wa askari. Kundi lililobaki na watu wanne au pungufu, kila linapopoteza mtu, linarusha dadu moja. Askari wa Wajerumani, Lancashire na Kashmir wanabaki kwa 3 na kuendelea. Wahindi wengine wanabaki kwa 5 na kuendelea. Wakishindwa, wanakimbia sentimita 20 kuelekea ukingo wao wa meza. Kamanda akiwa ndani ya sentimita 15, ongeza moja. Usidhani nimewadharau wale Wahindi. Walikuwa wamebanwa melini kwa wiki kadhaa tangu Bombay, wengi wagonjwa wa bahari, mafunzo yao pungufu, na jenerali wao Arthur Aitken aliwapeleka mbele bila kuipeleleza nchi. Kashmir Rifles na Lancashire ndio waliopenya hadi mjini, wakafika nyumba ya forodha. Kanuni inajaribu kuonyesha tofauti ya maandalizi, na mchezaji anayewaongoza ataona haraka uchungu wa kuongoza watu walioletwa vitani wakiwa wamechoka.

Na nyuki. Mapigano yalipita kwenye mashamba yenye mizinga ya nyuki mitini, risasi zikaichokoza, na makundi ya nyuki yakawashambulia watu. Kikosi cha 98 cha Wahindi kilivurugika kabisa. Basi: kundi linapopiga kuelekea shambani, na dadu tatu au zaidi zikitoa sita, nyuki wametoka. Kwa dadu nane hutokea takriban mara moja kati ya saba. Kundi lililo karibu zaidi na mti uliolengwa, la upande wowote ule, linakimbia sentimita 20 na kupoteza zamu ijayo. Ninasisitiza la upande wowote, kwa kuwa nyuki hawakuwa jeshi la mtu.

Wajerumani wanaanza na makundi mawili na bombomu. Kundi la tatu liko kwenye treni kutoka Moshi, kama ilivyokuwa kweli: Lettow alisafirisha kampuni zake kwa reli ya Usambara huku Waingereza wakichelewa kushuka. Kuanzia zamu ya tatu, rusha dadu. Ikitoka 5 au 6, kundi linaingia kwa upande wa stesheni. Mchezo ni zamu nane. Wavamizi wanashinda wakiwa na makundi mawili ng'ambo ya mfereji mwishoni.

Kutengeneza uwanja

Meza ya sentimita 120 kwa 90 inatosha. Tandika shuka la kahawia au kijani lisilong'aa. Shuka la zamani lililopauka linapendeza kuliko jipya. Chini ya shuka weka vitabu viwili vitatu upate mwinuko.

Upande wa mashariki ni ufuko wa Raskazone, wavamizi wanatokea huko. Katikati ni shamba la mipira na minazi, lenye upana wa theluthi ya meza. Magharibi yake ni mfereji wa reli, pale njia ilipochimbwa ikapita chini ya usawa wa ardhi, ukikata meza toka ukingo hadi ukingo. Nyuma yake ni nyumba tano sita za mji.

Minazi ninaitengeneza hivi. Shina ni kijiti cha mishikaki chenye sentimita 10, kilichosuguliwa msasa kidogo na kuzungushiwa uzi wa katani uliopakwa gundi, upate zile pete za mnazi. Makuti ni karatasi ya kahawia ya bahasha, iliyokatwa umbo la jani refu, ikakunjwa katikati na kuchanwachanwa pembeni kwa mkasi. Majani saba kwa mti. Kitako ni washa pana ya chuma, ile pete bapa ya kuwekea chini ya nati, kutoka duka la vifaa vya ujenzi; uzito wake unauzuia mti kuanguka. Miti 20 inajaza shamba. Michache zaidi itakufanya uone uwazi na utashawishika kupiga risasi za mbali ambazo siku ile hazikuwezekana.

Kwa majani ya chini, hakuna kinachoshinda nyuzi za katani. Kata fungu dogo, chovya mwisho mmoja kwenye gundi nyeupe, lisimamishe juu ya karatasi ya nailoni hadi likauke, kisha lipunguze kwa mkasi libaki na urefu wa milimita 6 au 7. Wenzetu wa Ulaya wananunua vifungu hivi tayari vimetengenezwa, kwa bei inayonisikitisha, nasi tunaishi katikati ya mkonge. Usumba wa nazi uliosagwa kwa vidole ni udongo wa shambani bila hata kupakwa rangi.

Mfereji wa reli ni vipande viwili virefu vya lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni, kimo cha sentimita 3, vikilazwa sambamba na nafasi ya sentimita 6 katikati. Kata kwa kisu kikali kilichopashwa kidogo moto, madirisha yakiwa wazi kwa sababu moshi wake si wa kuvuta. Paka gundi nyeupe, nyunyiza mchanga, acha usiku kucha. Rangi ya kupuliza usiiguse hapa: inayeyusha povu hilo papo hapo. Tumia rangi ya maji ya ukutani. Reli yenyewe ni chelewa mbili za fagio, na mataruma ni vijiti vya kiberiti.

Nyumba ni maboksi ya dawa na chai yaliyopakwa chokaa. Inatosha kwa kuanzia.

Kununua askari wa plastiki

Boksi la 1/72 kwa kawaida lina askari kati ya 40 na 50, na watengenezaji kama Italeri, Zvezda, HäT na Airfix wametoa mamia ya seti. Ukiagiza kutoka nje, uliza gharama ya usafiri na ushuru kabla hujalipa. Mara nyingi inafaa watu watatu kuagiza pamoja. Ukikosa seti ya askari wa kikoloni wa vita hivyo, tafuta yoyote yenye sare za kaki na bunduki ndefu, ukate na kurekebisha kofia. Kofia ya askari wa Kijerumani inapatikana kwa kubandika kipande cha karatasi ya chooni kilicholoweshwa gundi nyuma ya shingo. Ikikauka inakuwa ngumu na mikunjo yake inafanana na kitambaa, kwa kuwa ni kitambaa kwa namna yake.

Kuandaa

Plastiki hii ni laini na inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Asiyeosha ataona rangi ikibanduka kama ganda la kitunguu baada ya michezo miwili. Bunduki iliyopinda itumbukize kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde chache, inyooshe kwa vidole, kisha izamishe mara moja kwenye maji baridi. Itabaki vile.

Mistari ya kalibu ikate kwa wembe, ukielekeza makali mbali na vidole. Msasa hausaidii, unaacha manyoya kwenye plastiki laini. Supagluu nayo haishiki vizuri plastiki ya aina hii. Kama mkono umekatika, choma tundu kwa sindano ya moto na uunganishe kwa kipande cha waya.

Mbandike kila askari kwenye kifuniko cha chupa ya maji kwa gundi kidogo. Hicho ndicho kishikio chako. Usimshike askari mwenyewe tena hadi umalize.

Kabla ya rangi, paka tabaka la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Inakauka ikawa kama ngozi nyembamba inayonyumbuka pamoja na plastiki, na rangi inaishika. Ukitumia praima, yaani rangi ya msingi, ya kopo la kupuliza, sikiliza hali ya hewa. Wakati wa masika, au alfajiri yenye umande, unyevu unaingia kwenye rangi na askari wanatoka na ukungu mweupe. Saa nne asubuhi, kivulini, siku kavu, ndiyo saa yangu. Tikisa kopo dakika mbili kamili, puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Mbali zaidi ya hapo, kwa joto letu la pwani, rangi inakauka angani na kutua kama vumbi la msasa.

Rangi

Mirija ya akriliki ya steshenari inafaa kwa kaki, mbao na ardhi. Kwa ngozi na vitu vidogo, chupa tatu nne za rangi nzuri kama Vallejo zinastahili kuwekewa akiba. Brashi mbili: namba 2 kwa sehemu kubwa, namba 0 kwa uso. Ziwe na ncha kali. Ukubwa hauna maana kama ncha imepasuka.

Zima feni. Ninajua joto lilivyo, lakini feni inakausha rangi kwenye brashi kabla haijafika kwa askari. Tengeneza sahani ya unyevu: bakuli pana la plastiki, tabaka la karatasi ya chooni iliyolowa maji, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo inabaki hai kwa saa kadhaa. Kaa karibu na dirisha au barazani, mwanga wa mchana ni bora kuliko taa yoyote niliyowahi kununua.

Fanya kazi kwa kundi la watu wanane, rangi moja kwa wote, halafu rangi inayofuata.

Kaki: sehemu nne nyeupe, mbili kahawia, moja manjano, na ncha tu ya brashi ya nyeusi. Changanya nyingi uhifadhi kwenye kichupa, maana mchanganyiko wa kesho hautalingana na wa leo. Paka matabaka mawili mepesi, mepesi kama maziwa. Tabaka moja zito linafunika vifungo na mikunjo. Kisha mikanda na viatu kwa kahawia, bunduki kwa kahawia nyekundu, chuma kwa nyeusi yenye fedha kidogo.

Halafu maji ya kivuli: kahawia iliyokoza na nyeusi kidogo, maji mara sita au saba ya rangi, na tone la sabuni ya vyombo ili yatambae kwenye mikunjo. Pitisha mwili mzima, yanyonye kwa brashi kavu pale yanapotuama. Yakikauka, rudisha kaki ya mwanzo kwenye mabega, magoti na kingo za mifuko. Kundi ambalo lilikuwa bapa linaanza kupumua.

Ngozi nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa miongozo mingi inatutupa. Inafundisha ngozi ya Mzungu kwa hatua saba, na ya Mwafrika kwa hatua moja: kahawia. Nilifuata hivyo mwanzoni na nyuso zangu zilikuwa mashimo. Shida ya pili ilikuwa kung'arisha kwa nyeupe. Kahawia ikitiwa nyeupe inakuwa kijivu, na askari anaonekana kama mtu aliyeamka na kupauka bila kujipaka mafuta.

Njia iliyonifaa ni hii. Msingi ni kahawia nzito yenye nyekundu kidogo. Kivuli kisiwe cheusi; changanya kahawia na bluu iliyokoza, ukiweke chini ya shavu, shingoni na kwenye macho. Macho yenyewe usiyachore, kwa kipimo hiki kivuli kinatosha. Kung'arisha, ongeza kwenye msingi manjano ya udongo au rangi ya chungwa, si nyeupe, uguse paji la uso, pua, mifupa ya mashavu na vifundo vya vidole. Mguso wa mwisho ni nukta ndogo ya rangi hiyo iliyozidi kung'aa, juu ya pua na paji, pale jua linapopiga jasho. Viganja viwe vyepesi kuliko nyuma ya mikono.

Na usiwapake wote rangi moja. Jeshi la Wajerumani lilianza mwaka 1889 na Wasudani na watu wa kusini waliotoka Msumbiji, baadaye likaandikisha Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Changanya misingi mitatu tofauti katika kila kundi la wanane. Ukiwaangalia kwa mbali utaona watu, kila mmoja na kwao.

Ukitaka kuona namna askari anavyoshika bunduki na kubeba mkoba, nenda kaitazame Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927. Izunguke pande zote. Ile ya Nairobi ina faida ya ziada: miongoni mwa watu wake yumo mpagazi.

Vitako, na chumvi ya pwani

Bandua askari kwenye kifuniko, mbandike kwenye washa ya milimita 20, paka gundi nyeupe, chovya kwenye mchanga wa ufukweni uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa. Mchanga usiooshwa una chumvi, na washa ni chuma. Nilipoteza vitako vya kundi zima kwa kutu iliyopenya hadi juu ya rangi. Sasa ninapaka kila washa rangi ya mafuta pande zote mbili na kuiacha siku moja kabla ya kuitumia. Mchanga ukikauka, paka kahawia, pitisha brashi kavu yenye rangi ya kaki, bandika fungu moja la katani. Funga kazi yote kwa vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba.

Wapagazi

Tengeneza wapagazi wanane kwa kila upande, kabla ya bombomu ya pili, kabla ya mzinga wowote wa kivita. Vita vile vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, na wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kwa idadi iliyozidi sana askari waliouawa kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Majina ya makapteni yameandikwa. Ya wapagazi, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa.

Mezani wanafanya kazi: kundi lisilo na mpagazi ndani ya sentimita 20 haliwezi kupiga zamu mbili mfululizo. Mizigo yao ni maboksi ya kadi ya milimita 8, na mafurushi ya kitambaa cha kanga yaliyofungwa uzi. Wapake rangi kwa uangalifu ule ule uliowapa askari.

Kumpata mwenzako

Mtafute palipo na bao na drafti. Mchezaji wa bao ana hesabu ya mbele tayari, atazishika kanuni hizi kwa dakika kumi. Mwalike aje acheze upande wa Wajerumani, kwani kujilinda ni rahisi kwa anayeanza, nawe chukua wavamizi. Usimsomee kanuni zote. Mweleze kutembea na kupiga, mengine yatajitokeza. Mpe makundi yaliyopakwa rangi, ya karatasi baki nayo wewe. Wazee wakikaribia, wavutie kiti na uwaulize walichosikia kwa wazazi wao. Kwangu, mzee jirani ndiye aliyenionyesha kwa kidole mahali ambapo nilikuwa nimeiweka minazi pasipo minazi.

Walioko Uingereza wana bahati ya vilabu karibu kila mji mkubwa na maonyesho ya Salute pale London. Nendeni na wapagazi wenu mezani, wawaulize ni akina nani.

Kutunza, na vita vinavyofuata

Boksi la viatu lililotandikwa karatasi ya sumaku chini linashika washa zote zisitikisike. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Minazi ihifadhi ikiwa imelala.

Ukimaliza makundi yote manane, usinunue jeshi jipya. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 askari hao hao wa Lettow waliishambulia ngome ya Wahindi pale Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, kwenye mashamba ya mkonge, na Kashmir Rifles walikuwamo tena, safari hii wao ndio wanaojilinda. Geuza meza, toa minazi, na uanze kukata nyuzi za katani: mkonge wa Jasini unataka mafungu 200, marefu ya milimita 15, yaliyosimama kwa mistari.